Maswali ya Wasomaji: Virago Kuukuu Iwe Pikipiki ya Pili

Wengi walioandika safari hii tayari wana pikipiki ya kazi. Sasa wanatafuta kruza: kiti cha chini, usukani mpana, injini ya silinda mbili zilizopangwa kama herufi V. Jina lililojirudia kuliko yote ni Yamaha Virago, hasa XV535, iliyoanza kuuzwa mwaka 1987. Majibu yetu mengi yanaihusu hiyo.

Ya kung'aa au ya kuchubuka?

*Shikamooni wahariri. Nina Boxer 150 ya kwendea kazini. Nimeona Virago 535 ya mwaka 1996, kilomita 38,000, imekaa ndani miaka mitatu na inang'aa kama mpya. Mtu mwingine anauza ya 1994, kilomita 71,000, rangi imechubuka, lakini anaiendesha kila wiki. Bei zinakaribiana. Nichukue ipi?* – Kijana wa Kimara, Dar es Salaam

Marahaba, kijana. Anza na ile ya kilomita 71,000, na uiache tu ikishindwa vipimo vya hapa chini.

Injini ya XV535 ni ngumu. Inapozwa kwa upepo, kwa hiyo haina rejeta wala pampu ya maji ya kuharibika, na nguvu inafika gurudumu la nyuma kwa shafti badala ya cheni. Kama oili ilibadilishwa kwa wakati, kilomita 70,000 hazitishi. Kinachoziua pikipiki hizi ni kusimama. Petroli inakauka ndani ya kabureta na kuacha utomvu unaoziba jeti, yaani vitundu vyake vya petroli. Maji yanazama chini ya tangi na kuanza kula bati. Sili za fok, ile miguu ya mbele inayomeza matuta, zinakakamaa, pistoni ya breki ya mbele inashika kutu, betri inakufa. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloonekana kwenye krom iliyopigwa polishi.

Nenda asubuhi, na umwambie muuzaji mapema asiiwashe. Ukifika, weka kiganja kwenye silinda kabla ya salamu kuwa ndefu. Ikiwa na joto, jua kwamba kuna mtu hakutaka uione ikiwaka baridi. Ahirisha, rudi siku nyingine.

Washa ufunguo, swichi ya kuzimia injini ikiwa kwenye kuendesha, ila usibonyeze stata. Virago hii ina tangi chini ya kiti, chini kuliko kabureta, ndiyo maana ina pampu ya umeme. Utaisikia ikigonga tiki-tiki kwa sekunde chache, kisha inyamaze. Isipogonga kabisa, tatizo ni pampu, rilei au waya. Ikigonga bila kukoma, ama petroli haifiki, ama vali ya floti kwenye kabureta haifungi na petroli inapita. Hapo chomoa kifuniko cha oili unuse. Oili yenye harufu ya petroli haifai kuwashiwa injini hata mara moja.

Vuta choki, washa. Baada ya kama dakika moja dondosha tone la maji kwenye bomba la moshi la kila silinda, karibu na kichwa cha injini. Matone yote mawili yachemke na kukauka papo hapo. Likichemka moja tu, pikipiki inatembea kwa silinda moja, na muuzaji atakuambia «ikipata moto inakaa sawa». Haitakaa sawa. Utafungua kabureta.

Kisha toa multimita, yaani kipima umeme. Betri nzima iliyotulia inasoma volti 12.6 hadi 12.8. Injini ikizunguka mara 4,000 hadi 5,000 kwa dakika, isome kama 14 hadi 14.8. Ikibaki chini ya 13, alteneta au rigulata (kidhibiti cha volti) haichaji. Ikivuka 15, rigulata imekufa na inaipika betri. XV535 haina kipimo cha mizunguko kwenye dashibodi, basi nenda kwa sikio: pandisha mpaka injini ichangamke bila kulia.

Mwisho, inua gurudumu la mbele lisiguse chini na uzungushe usukani polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Ukihisi usukani unanasa katikati, beringi za shingo zimeliwa. Piga tochi chini ya injini kwenye boksi linalounganisha mabomba ya moshi. Hilo huoza kwa kutu kutokea ndani, na kwa kuwa limekaa chini, matuta ya barabarani nayo hulikwangua.

Jambo moja zaidi. Nyingi zinazotoka Japani ni XV400, si 535, maana huko leseni ya daraja la kati inaishia cc 400. Kwa macho ni pacha. Soma kadi na namba ya chesisi iliyogongwa shingoni mwa fremu, usisome stika ya pembeni.

Stata inasaga

*Habari za kazi mafundi. Nimenunua XV535. Nikibonyeza stata, wakati mwingine inazunguka bure, wakati mwingine inatoa mlio kama kusaga mawe, halafu inawaka vizuri. Fundi anasema nibadilishe mota ya stata.* – Msomaji wa Eldoret

Usinunue mota bado. Mota ikizunguka na injini haizunguki, mota inafanya kazi yake. Kinachoshindwa ni klachi ya stata, ambayo iko nyuma ya flaiwili (gurudumu zito linalozunguka na injini) upande wa kushoto. Ndani yake kuna rola zinazosukumwa na springi ndogo ili zishike stata inapozunguka na ziachie injini ikishawaka. Springi zikichoka, rola zinateleza. Boliti zinazoibana klachi hiyo kwenye flaiwili zikilegea, ndipo unasikia kusaga.

Chanzo mara nyingi ni betri dhaifu. Injini inazungushwa polepole, pistoni inashindwa kuvuka mgandamizo, inarudi nyuma kwa kishindo, na kishindo hicho kinaishia kwenye zile rola. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya Virago: betri ikiwa chini ya volti 12.4, ichaji kwanza. Haina kiki ya kukuokoa, na kila unapoilazimisha unaipunguzia maisha klachi.

Kazi yenyewe ni ya nusu siku kwa fundi mwenye vifaa. Mwaga oili, toa kifuniko cha kushoto, chomoa flaiwili kwa pula yake ya skrubu. Hapa simama karibu na fundi: akichukua nyundo, mzuie. Sumaku za ndani zinapasuka au zinabanduka, na flaiwili ya Virago huipati dukani Eldoret. Boliti za klachi zirudi na gundi ya kufungia nyuzi, nyuzi zikiwa zimesafishwa oili yote. Weka gasketi mpya. Silikoni peke yake huminyika kuingia ndani na vipande vyake husafiri na oili.

Wakati kifuniko kiko wazi, kagua nyaya tatu za rangi moja zinazotoka kwenye koili ya alteneta mpaka kwenye soketi yake. Soketi ikiwa imeungua au imebadilika rangi kuwa kahawia, ikate na uunganishe kwa soketi mpya. Jozi zote tatu za nyaya zisome ukinzani unaolingana, na waya wowote ukipimwa na bodi usisome kitu.

Nina leseni ya A2

*Naishi Leicester, nina leseni ya A2 na CB125 ya mjini. Nachagua kati ya Virago 535 na DragStar 650. Ipi inaruhusiwa, na ipi ni bora kwa dada mwenye urefu wa sentimita 158?* – Dada wa Leicester, Uingereza

Zote mbili zinaruhusiwa bila kupunguzwa nguvu. Kikomo cha A2, leseni ya pikipiki za nguvu ya kati, ni kilowati 35. Virago 535 inatoa kama 34, DragStar 650, kruza nyingine ya Yamaha, iko karibu 30. Namba hizo zinakudanganya kidogo, maana DragStar ni nzito zaidi kwa kilo 30 hivi. Virago ni kama kilo 182 bila petroli na kiti chake kiko milimita 720 kutoka chini, kwa hiyo miguu yako itakanyaga chini yote miwili. Kwa kuisukuma kinyumenyume kwenye maegesho yenye mteremko, tunakushauri Virago bila kusita. DragStar inakaa imara zaidi barabara kuu na viungo vyake havijazeeka sana.

Tafuta iliyotengenezwa kuanzia 1989. Za mwanzo zilibeba petroli chini ya kiti tu, lita 8.6, na lile «tangi» la juu lilikuwa pambo. Kuanzia 1989 la juu likawa tangi kweli, jumla lita 13.5.

Uingereza una bahati moja: historia ya MOT, ukaguzi wa kila mwaka wa vyombo vya moto, iko wazi kwenye tovuti ya serikali, bure, kwa namba ya usajili. Soma maili za kila mwaka. Ikiwa 2016 hadi 2021 zimeongezeka maili 40 tu, umeona pikipiki iliyosimama, hata muuzaji aapeje. Soma pia onyo zinazojirudia. «Kutu kwenye mfumo wa moshi» ikiandikwa miaka mitatu mfululizo, hakuna aliyejali.

Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida huko ni E10, yenye ethanoli hadi asilimia 10. Kwa kabureta na mipira ya miaka ya 1990, jaza ile ya E5 ya okteni 97 na kuendelea. Na badilisha mipira yote ya petroli ukishanunua, hata ikionekana mizima. Mpira wa zamani hupasuka ukiukunja, nawe utaukunja siku utakapofungua kabureta.

Kwa nini 700?

*Nipo Columbus, Ohio. Naona Virago 700 za 1984 hadi 1987 kwa bei ya kutupa, lakini kabla na baada yake ni 750. Zina kasoro gani?* – Msomaji wa Columbus, Marekani

Injini haina kasoro, ilipunguzwa kwa sababu ya ushuru. Mwaka 1983 Rais Reagan aliongeza ushuru mkubwa kwa pikipiki za nje zenye zaidi ya cc 700, ili kuipa Harley-Davidson, kampuni ya pikipiki ya Marekani, nafasi ya kupumua. Yamaha wakapunguza 750 yao ikawa cc 699 na kukwepa ushuru. Ulipoondolewa mwaka 1987, 750 ikarudi.

Za kuogopa ni 750 na 920 za 1981 hadi 1983. Gia ya stata yao ilikuwa mbovu tangu kiwandani: inaingia kwa kusaga, na inakula meno yake. Kama muuzaji anasema «hizi zote hulia hivyo», anasema kweli, ila kweli hiyo isikufanye ununue.

Huko kwenu cha kwanza kuomba ni hati ya umiliki, si ufunguo. Jina kwenye hati liwe la huyo unayemlipa, na namba ya VIN, yaani ya chesisi, ilingane na ile ya shingoni. Hati yenye alama ya kufutwa kwa ajali inamaanisha bima iliwahi kuamua haifai kutengenezwa. Inaweza kurudi barabarani, lakini chunguza fremu: simama hatua tano nyuma, angalia kama tairi la nyuma linafuata la mbele kwenye mstari mmoja.

Spea zitatoka wapi?

*Wakuu, mimi ni fundi wa bodaboda. Mteja ananiletea Virago 535 aliyonunua jana. Nianze na nini, na spea gani za huku kwetu zinaingia?* – Fundi wa Mwanza

Vingi vinaingia kuliko watu wanavyodhani. Plagi ni NGK BP7ES, mbili, uwazi milimita 0.7 hadi 0.8. Betri ni ya volti 12, ampea 12 kwa saa, ila pima urefu wa sanduku na upande wa nguzo kabla hujalipa. Beringi za magurudumu zina namba pembeni. Isome, nenda nayo duka la beringi, usiulize «ya Virago». Sili za fok nazo zina vipimo vitatu vilivyoandikwa juu yake: kipenyo cha ndani, cha nje na unene.

Usivyovipata kirahisi ni pampu ya petroli, diaframu za kabureta, kitako cha mpira kati ya kabureta na silinda, na tairi la nyuma. La mbele ni 3.00-19, la nyuma 140/90-15. Kuna watakaokuletea tairi la gari la inchi 15. Likatae. Ukingo wa rimu ya pikipiki hauna umbo la ukingo wa rimu ya gari, na uso wa tairi la gari ni bapa, wakati pikipiki hulala kwenye kona. Tairi la zamani litazame tarehe: tarakimu nne ubavuni, mbili za kwanza wiki, mbili za mwisho mwaka. 2314 ni wiki ya 23 ya 2014, na hilo ni la kutupa hata likiwa na meno yote.

Kuhusu pa kuanzia: mwaga oili na ubadilishe filta. Tumia oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, 10W-40, au 20W-50 kwa joto la Mwanza. Klachi ya Virago inaoga kwenye oili hiyo hiyo ya injini, na baadhi ya oili za gari zina dawa ya kupunguza msuguano inayoifanya iteleze. Kisha oili ya gia ya shafti, SAE 80 ya GL-4, kama mililita 190. Watu wengi husahau kwamba kuna oili huko nyuma, kwa kuwa wamezoea cheni.

Halafu valvu, na hapa usiharakishe. Injini iwe baridi kabisa, iliyolala usiku mzima. Za kuingiza hewa ni milimita 0.07 hadi 0.12, za kutolea moshi 0.12 hadi 0.17. Zinarekebishwa kwa skrubu na nati kama ulivyozoea kwenye Boxer, ila silinda ni mbili: kila moja itafutie alama yake ya juu kabisa kwenye flaiwili, valvu zake zote mbili zikiwa huru. Ukichanganya alama ya silinda ya mbele na ya nyuma, utarekebisha valvu iliyo wazi, na ikifunga uwazi wake utakuwa mkubwa kupita kiasi.

Ikiwaka, inyunyizie maji kidogo kwenye vile vitako vya mpira vya kabureta. Mlio ukibadilika, kitako kimepasuka na kinavuta hewa. Hilo peke yake linatosha kuifanya ipige risasi kwenye sailensa kila unapoachia gesi, na mafundi wengi huishia kuchezea skrubu za kabureta wiki nzima bila kulijua.

Utakapotoa gurudumu la nyuma, meno ya shafti yapake grisi ya molibdenamu. Yakikauka yanakwanguana mpaka yanakuwa makali kama ncha za msumeno, na siku moja injini inalia gia ikiwa imeingia lakini pikipiki haiendi.

Mwambie mteja aweke akiba kama theluthi ya bei aliyonunulia. Mipira, betri, matairi, maji ya breki na oili zote vitaimeza akiba hiyo kabla hajafika popote.

Chumvi ya baharini

*Niko Nyali. Spoku zina madoa ya kutu. Zipakwe rangi?* – Msomaji wa Mombasa

Rangi inaficha tu. Gonga kila spoku kwa spana ndogo. Nzima zinalia, iliyolegea au inayoliwa inatoa sauti butu. Zikiwa chache badilisha, zikizidi robo ya gurudumu funga seti nzima. Kwa zilizobaki, osha kwa maji ya bomba kila ukitoka kando ya bahari, kausha, pitisha kitambaa chenye oili nyembamba. Oili isiguse diski ya mbele.

Nitaiendesha mara mbili kwa mwezi tu

*Ya kazi ni TVS, hii ni ya Jumapili. Mke wangu anasema niiwashe kila asubuhi dakika tano isife. Ni sawa?* – Mzee wa Dodoma

Mheshimu shemeji yetu, lakini hapana. Dakika tano bila mwendo haziipi injini joto la kutosha. Mvuke unabaki ndani ya oili na ndani ya sailensa, na stata inakula umeme mwingi kuliko alteneta inavyorudisha injini ikiwa imetulia. Ni afadhali kilomita 30 kila baada ya wiki mbili kuliko kuiwasha kila siku.

Tangi liache likiwa limejaa, hewa isipate nafasi ya kutengeneza kutu. Ukijua utasafiri zaidi ya mwezi, zima ufunguo, weka chombo chini, fungua skrubu ya kumwagia iliyo chini ya kila bakuli la kabureta mpaka itiririke yote, kisha funga. Usiwashe ufunguo tena, maana pampu itazijaza upya. Chomoa waya hasi wa betri. Ukirudi, chaji betri kwanza, washa ufunguo, subiri pampu inyamaze, ndipo ubonyeze stata.